Panga za kale za Japani na mapambo yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nihonto ni upanga wa namna gani hasa?

Ni upanga uliofuliwa kwa mkono nchini Japani kwa feleji ya jadi iitwayo tamahagane, ukakunjwa, ukapakwa udongo, ukatiwa motoni na kuzamishwa majini ili makali yawe magumu na mgongo ubaki laini. Tamahagane hupatikana kwa kuchoma mchanga wa chuma pamoja na makaa ya mti katika tanuri la udongo, tatara, kwa siku tatu usiku na mchana. Tanuri la namna hiyo lilifufuliwa mwaka 1977 huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, na ndilo linalowapa wahunzi wa leo feleji yao.

Utasikia watu wakisema upanga hukunjwa mara elfu. Si kweli. Hukunjwa mara 10 hadi 15 hivi, na kwa kuwa kila mkunjo huzidisha matabaka maradufu, mikunjo 15 hutoa matabaka 32,768. Lengo ni kusambaza kaboni sawasawa na kufukuza takataka za tanuri. Mhunzi akizidisha, kaboni huungua na feleji hulegea.

Katana, tachi, wakizashi na tanto zinatofautianaje?

Kwanza urefu, unaopimwa kwa mstari mnyoofu kutoka ncha hadi kijipengo cha mgongoni panapoanzia msuka, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini. Kipimo cha kale ni shaku, sawa na sentimita 30.3. Chini ya shaku moja ni tanto, kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi, kuanzia shaku mbili (sentimita 60.6) ni katana au tachi.

Tachi na katana hutofautiana kwa namna zilivyovaliwa. Tachi ni ya zamani zaidi, ilining'inizwa kiunoni makali yakitazama chini. Katana ilichomekwa kwenye mshipi makali yakitazama juu. Mhunzi aliweka sahihi kwenye msuka, upande uliotazama nje, kwa hiyo ukishika bapa tupu (upanga wenyewe bila mpini wala ala) ncha ikiwa juu na ukaiona sahihi huku makali yakiwa kushoto kwako, hiyo ni sahihi ya katana. Makali yakiwa kulia, ni ya tachi. Wahunzi wachache walikwenda kinyume, lakini kanuni hii itakusaidia mara nyingi.

Enzi za panga zinagawanywaje?

Koto ni panga za kabla ya 1596 hivi. Shinto ni za tangu hapo hadi karibu 1780. Shinshinto zinaishia 1876, mwaka ambao serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani. Za baadaye zilizofuliwa kijadi huitwa gendaito. Panga za koto hugawanywa pia kwa mapokeo matano ya uhunzi: Yamashiro, Yamato, Bizen, Soshu na Mino. Bizen, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Okayama, ndiyo iliyotoa panga nyingi kuliko zote, na mwanafunzi akianzia hapo hatajuta.

Nimepata upanga wenye kutu. Nianze kuusafisha na nini?

Usianze. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Msasa, brashi ya waya, siki, ndimu, mashine ya kusugulia na dawa za kuondoa kutu zimeharibu panga nyingi zilizokwisha kuokoka vitani.

Bapa lenye kutu linaweza kuokolewa na mnoaji aliyesomea kazi hiyo. Lililosuguliwa kwa msasa limepoteza mistari yake, pembe zimekuwa mviringo, na mnoaji atalazimika kuondoa feleji nyingi zaidi ili kurudisha umbo. Feleji ikiondoka hairudi.

Msuka, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini, haukwanguliwi kamwe, hata kwa ukucha. Kutu yake ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Katika upanga wa miaka 500 kutu hiyo ni nyeusi yenye kuelekea hudhurungi, imetulia, laini mkononi. Katika upanga wa miaka 80 bado ni nyekundu na ya chengachenga. Mjuzi husoma hapo umri, alama za tupa, matundu ya kigingi na sahihi. Ukiusugua ukang'aa, umefuta ushahidi wote, na thamani inaweza kushuka zaidi ya nusu kwa dakika kumi za kazi.

Unachoweza kufanya: futa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba, paka mafuta mepesi yasiyo na rangi kwenye bapa, kisha tafuta ushauri.

Nitatoaje mpini ili nione msuka?

Mpini hushikwa na kigingi kimoja kidogo cha mwanzi kiitwacho mekugi. Baadhi ya panga za jeshi za karne ya 20 huwa na viwili au skrubu. Fanya hivi:

1. Kaa mahali penye nafasi, weka kitambaa kinene mbele yako.
2. Chomoa upanga makali yakiwa juu, ili bapa liteleze kwa mgongo wake ndani ya ala. Sukuma kwanza kwa kidole gumba hadi kola ya shaba, habaki, iachie, kisha vuta polepole. Ukivuta makali yakiwa chini utaikata ala kwa ndani, na pengine vidole.
3. Kigingi kina upande mwembamba na upande mnene. Kisukume kutoka upande mwembamba kwa kijiti cha shaba au cha mti mgumu. Usitumie msumari.
4. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likisimama kwa kuinama kidogo nyuma, makali yasikuelekee. Piga ngumi ya kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, taratibu kwanza. Mtikisiko utapandisha bapa. Mara linapolegea, acha kupiga, shika habaki na kuvuta.
5. Toa pete bapa (seppa) na kikinga mkono (tsuba) kwa mpangilio, ukiandika ipi ilikuwa mbele. Seppa za kale hutengenezewa upanga mmoja tu.

Mpini ukigoma, usipige kwa nyundo. Mara nyingi kutu imeushika msuka. Mbao ya ndani ikipasuka, ngozi ya taa iliyoizunguka nayo hupasuka, na ukarabati wake ni wa gharama.

Nitatambuaje upanga bandia?

Tazama makali kwanza. Kwenye upanga wa kweli kuna hamon, mpaka kati ya feleji ngumu ya makali na laini ya juu. Weka taa moja yenye mwanga mkali mbali kidogo, elekeza ncha kwenye taa, kisha yumbisha bapa. Hamon ya kweli ina kina: utaona ukungu mweupe unaoitwa nioi, au chembe zinazometa kama umande, nie. Hamon ya bandia imechorwa kwa asidi au brashi, ni nyeupe ya juu juu, na hupotea au haibadiliki unapoyumbisha.

Kisha toa mpini. Bandia za kisasa zina msuka mfupi mno au uliotiwa kutu kwa kemikali, ambayo ni ya rangi moja ya machungwa na huacha unga kidoleni. Alama za tupa ni za ovyo. Sahihi imekwaruzwa kwa mashine, mistari haina mkazo wa patasi. Tsuba ni ya shaba ya njano iliyomiminwa kwenye kalibu, na uzi wa mpini unasogea ukiusukuma.

Kundi la katikati huwasumbua wengi: panga za jeshi za karne ya 20. Upanga wa maofisa wadogo wa aina ya 95 ulitengenezwa kwa mashine, una namba iliyopigwa kwenye bapa, na namba hiyo hutakiwa ilingane na ya ala. Panga za maofisa wakubwa zilitumia mabapa ya kila namna. Mengi yana mhuri kwenye msuka unaoonyesha kuwa hayakufuliwa kijadi, mengine yalifuliwa kijadi wakati wa vita, na machache ni mabapa ya kale ya familia yaliyovikwa mavazi ya jeshi. Ndiyo maana hakuna upanga wa jeshi unaohukumiwa kabla ya kuutoa mpini.

Wangu una sahihi ya Masamune. Nimetajirika?

Hapana. Masamune, mhunzi maarufu kuliko wote wa Japani, alifanya kazi Kamakura kuelekea mwisho wa enzi ya jina hilo, mwanzoni mwa karne ya 14, na kazi zake zenye sahihi ni chache mno, nyingi zikiwa tanto. Katana yenye jina lake lililochongwa wazi karibu hakika ina sahihi ya kughushi, gimei. Hali ni hiyo hiyo kwa mhunzi Kotetsu wa Edo (Tokyo ya leo), aliyeghushiwa tangu akiwa hai.

Gimei haimaanishi upanga ni takataka. Mara nyingi bapa zuri la mhunzi wa kawaida lilitiwa jina kubwa ili lifae kuwa zawadi. Soma feleji kwanza, jina baadaye: umbo, mwenendo wa nyuzi za feleji (hada), hamon, mwisho wake kwenye ncha, kisha msuka. Sahihi ikipingana na feleji, iamini feleji.

Upanga usio na sahihi una thamani?

Unaweza kuwa na thamani kuliko wenye sahihi. Tachi ndefu za kale zilifupishwa karne za baadaye ili zitumike kama katana, na ufupishaji hufanywa kwa kukata upande wa msuka, si ncha. Zilizofupishwa sana (o-suriage) zilipoteza sahihi yote. Baadhi ya hazina kubwa za Japani ni za kundi hili. Msuka ambao haujaguswa huitwa ubu, nao hupendwa zaidi mambo mengine yakiwa sawa.

Kasoro zipi ni za kuua, na zipi zinavumilika?

Ya kwanza kuogopwa ni hagire, ufa unaosimama wima kutoka kwenye makali kwenda juu. Ni mwembamba kama unywele. Pitisha mwanga wa mshazari pande zote mbili, polepole, sentimita baada ya sentimita, hasa karibu na mapengo na mahali bapa lilipowahi kupinda. Ufa huo haurekebishiki, na upanga wenye nao haupandi daraja wala bei.

Ya pili ni hamon iliyopotea. Ncha ikivunjika na kuchongwa upya, hamon hukatika badala ya kugeuka kurudi mgongoni. Ya tatu ni upanga ulioungua na kutiwa makali upya. Dalili mojawapo ni mizukage, kivuli cheupe kinachopanda mshazari kutoka mwanzo wa makali, ingawa kazi halali za mhunzi Kunihiro wa Horikawa pia hukionyesha, kwa hiyo usihukumu kwa dalili moja. Na hata hapa kuna heshima: mabapa mashuhuri yaliyoungua katika anguko la ngome ya Osaka mwaka 1615 yalitiwa makali upya na mhunzi Yasutsugu, na bado yanathaminiwa.

Nyufa ndogo zinazofuata nyuzi za feleji, lengelenge moja lililopasuka, au feleji ya ndani kuchungulia baada ya kunolewa mara nyingi hupunguza bei lakini haziui. Katika upanga wa karne ya 13 huvumiliwa. Kwenye wa karne ya 19 si rahisi kuzisamehe. Mapengo madogo ya makali hunoleka, mradi hamon ina upana wa kutosha.

Karafuu inahusianaje na panga hizi?

Kwa njia mbili, na msomaji wa Unguja au Pemba atazielewa upesi. Kwa Kijapani karafuu ni choji. Hamon ya vichwa vya duara vilivyosongamana juu ya shingo nyembamba huitwa choji kwa kuwa hufanana na karafuu zilizopangwa safu, nayo ni fahari ya Bizen. Pia mafuta ya kuhifadhia bapa huitwa mafuta ya choji.

Lakini usipake mafuta halisi ya karafuu. Ni makali, hulainisha vanishi na gundi. Yanayouzwa leo kwa ajili ya panga ni mafuta mepesi ya madini yenye harufu kidogo tu ya karafuu. Usipoyapata, mafuta ya cherehani yaliyo safi, yasiyo na rangi wala viongezo, yanatosha. Ya nazi na ya alizeti hapana: huchacha na kuacha utando unaonata.

Ratiba ya matunzo ikoje?

Katika nchi kavu, kila miezi mitatu hadi sita. Mombasa, Dar es Salaam, Muscat au popote penye hewa ya chumvi, kagua kila mwezi. Bapa lililotoka kunolewa nalo likaguliwe mara nyingi zaidi mwaka wa kwanza, maana uso mpya hushika kutu haraka.

Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini au kitambaa kipya, ukianzia habaki kwenda ncha, kwa mwendo mmoja, ukishika kutoka upande wa mgongo. Usisugue kwenda na kurudi. Mafuta yakibaki, tumia spiriti safi isiyotiwa rangi. Unga wa jiwe uitwao uchiko ni wa jadi, lakini ni jiwe: ukitumika kila mara hufifisha kazi ya mnoaji, na ulio duni hukwaruza. Kisha paka mafuta mapya membamba sana. Yakionekana kama matone, yamezidi, yatalowesha mbao ya ala na kukusanya uchafu.

Usiguse feleji kwa vidole, wala usizungumze ukiwa umeinamia bapa. Alama ya kidole hugeuka kutu ndani ya siku chache, na chembe za mate vivyo hivyo. Hifadhi upanga ukiwa umelala, makali juu, ndani ya ala ya mbao nyeupe isiyopambwa (shirasaya) ikiwa unayo.

Je, nipeleke kwa fundi visu aunoe?

La hasha. Kunoa upanga wa Japani ni kazi ya vinoo vingi vya asili vinavyofuatana, kutoka kinoo cha kukwaruza hadi vipande vyembamba kama karatasi vinavyosukumwa kwa kidole gumba. Gharama hukokotolewa kwa urefu wa bapa, na foleni ni ndefu. Mara nyingi kunoa upya hugharimu zaidi ya thamani ya upanga wa kawaida. Basi uliza kwanza bapa ni la nani, ndipo uulize bei ya kulinoa.

Vyeti vina maana gani?

Chombo kinachoaminiwa zaidi ni NBTHK, chama cha Japani cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoundwa 1948, chenye makumbusho ya panga huko Ryogoku, Tokyo. Madaraja yake yanapanda hivi: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo, Tokubetsu Juyo. Juyo hushindaniwa mara moja kwa mwaka, Tokubetsu Juyo kila baada ya miaka miwili. Madaraja mawili ya chini, Hozon na Tokubetsu Hozon, yalianza 1982. Vyeti vya ngazi za chini vya kabla yake, hasa vya miaka ya 1970, havikubaliwi kwa kufumba macho, na mnunuzi makini huomba upanga uwasilishwe upya.

Linganisha daima picha ya msuka kwenye cheti na msuka wenyewe: matundu, alama za tupa, kila mstari wa sahihi. Cheti kinaweza kuwa cha kweli na upanga ukawa mwingine.

Kwa nini wengine hukusanya tsuba peke yake?

Kwa sababu ni sanaa kamili inayoenea kiganjani. Tsuba ya katana huwa na kipenyo cha sentimita 7 hadi 8 na unene wa milimita 4 au 5 hivi, lakini ndani ya nafasi hiyo kuna karne nne za ladha. Baada ya marufuku ya 1876 mapambo mengi yalitenganishwa na panga na kuuzwa Ulaya na Marekani, ndiyo maana bado yanaibuka kwenye minada midogo huko. Pia hayakutani na sheria za silaha.

Za chuma ndizo zinazogusa zaidi. Mafundi Nobuie na Kaneie wa karne ya 16 wanaheshimiwa kuliko wote. Za jimbo la kale la Owari zina nakshi za kutoboa zenye nguvu na ulinganifu, za Kyoto ni nyembamba na za madaha, na za jimbo la Higo, hasa za fundi Hayashi Matashichi, zina rangi ya chuma yenye unyevu kama kahawa nzito. Kwa madini laini, ukoo wa Goto ulitawala vizazi 17 tangu Yujo wa karne ya 15.

Aloi mbili zijue. Shakudo ni shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, asilimia 3 hadi 5 kwa kawaida, nayo hugeuka nyeusi yenye ubuluu kwa kuchemshwa katika dawa. Shibuichi, yaani "robo", ni shaba na fedha, ya kijivu. Weusi wa shakudo ni utando mwembamba tu. Ukiusugua kwa dawa ya kung'arisha shaba unabaki na sahani nyekundu.

Tsuba ya kumiminwa nitaijuaje?

Chungulia ndani ya matundu kwa kioo cha kukuzia. Kalibu huacha mshono au vijishimo vya mapovu, na kingo za nakshi ni butu. Ya kufuliwa ina kingo zilizokatwa kwa patasi na tupa, na mara nyingi ukingoni huonekana vinundu vya chuma kigumu, tekkotsu. Tundu la msuka liwe na alama za kupigwapigwa au vipande vya shaba vya kubania. Tundu safi lisilo na alama yoyote si lazima liwe bandia, ila linataka maelezo.

Kutu nyekundu inayoendelea kula huondolewa kwa kipande cha pembe ya ng'ombe au mfupa kilichochongwa, kisha kitambaa cha pamba, kila siku kidogo kwa wiki kadhaa. Pembe ni laini kuliko utando mweusi wa chini, hivyo huondoa kutu na kuuacha.

Na vipande vingine?

Menuki, vijisanamu chini ya uzi wa mpini, huwa jozi. Geuza nyuma: za kweli ni bati jembamba lililofinywa, zenye bonde nyuma, nakala ni nzito na zimejaa. Kozuka, mpini wa kisu kidogo cha pembeni, una urefu wa karibu sentimita 9.7. Uwanja wa nukta ndogo uitwao nanako, "mayai ya samaki", ulipigwa nukta moja moja kwa mkono, na safu zilizonyooka ni kipimo kizuri cha fundi. Fuchi na kashira, vifuniko vya mwanzo na mwisho wa mpini, viwe vya mandhari moja.

Kuna sheria gani za kununua kutoka Japani?

Ndani ya Japani kila nihonto ina karatasi ya usajili, torokusho, inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa, na mmiliki mpya hutoa taarifa ndani ya siku 20. Kabla ya kusafirishwa nje, muuzaji huomba kibali cha Wakala wa Utamaduni na kurudisha torokusho. Kwa hiyo upanga ulioko nje ya Japani pamoja na torokusho yake unatia shaka: huenda ulitoka bila kibali. Na usiupeleke Japani upanga wa jeshi usiofuliwa kijadi, hausajiliki, utachukuliwa.

Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2008 panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, lakini ikaacha zilizotengenezwa kabla ya 1954 na zilizofuliwa kijadi. Kwingineko, Afrika Mashariki ikiwemo, pata jibu la maandishi la polisi na forodha kabla ya kulipa. Vifaa vyenye pembe za ndovu vina masharti yake mazito, viache.

Forodha niandike nini, na upanga ufungweje?

Upanga uliothibitika kupita miaka 100 huingia kwenye namba ya ushuru 9706, ya vitu vya kale. Usiothibitika huangukia 9307, ya silaha za makali. Tofauti ya ushuru inaweza kuwa kubwa, hivyo ambatisha nakala ya cheti na picha ya msuka.

Paka mafuta, rudisha kwenye ala, funga mpini na ala kwa utepe wa kitambaa usioacha gundi ili bapa lisichomoke. Zungushia sponji, ingiza ndani ya bomba gumu la plastiki lenye vifuniko pande zote mbili, na ujaze nafasi ya upande wa ncha hadi upanga usisogee ukitikiswa. Cheti cha asili kitume peke yake, kwa barua nyingine.